Wastani wa Wastani si Wastani

Swali: Katika miaka 3 ya shahada yangu nilipata wastani wa 3.3, kisha 3.5, kisha 3.8, nikiwa na krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 40, 36 na 24 kwa mfuatano huo. Nimejumlisha na kugawa kwa 3, nikapata 3.53. Chuo kinadai 3.5 ili mtu ahitimu kwa heshima, lakini jina langu halimo kwenye orodha. Je, nikate rufaa?

Jibu: Ndugu msomaji, jibu lako limo katika krediti ulizozitaja kwa kupita tu. Kila mwaka wakati wa mahafali hupokea swali hili, na karibu kila mara muulizaji amefanya kosa lile lile la kutafuta wastani wa wastani, kana kwamba mwaka wenye krediti 24 una uzito sawa na wenye krediti 40.

Zidisha kila wastani kwa krediti zake: mwaka wa kwanza unakupa pointi 132, wa pili 126, wa tatu 91.2. Jumla ni 349.2, na ukiigawa kwa krediti zote 100 unapata 3.492. Mwaka wako bora ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote, na mwaka wako dhaifu ndio mzito, kwa hiyo hesabu yako ilikupa zawadi ambayo hukuwa umeipata. Ni kosa la kawaida hata kwa wanafunzi wa hisabati, jambo ambalo sijawahi kulielewa.

Rufaa ina maana ikiwa tu kanuni za chuo chako zinaruhusu kukadiria hadi tarakimu moja baada ya nukta, kwa kuwa hapo 3.492 huwa 3.5, au ikiwa kuna somo ulilolirudia na alama ya zamani bado imehesabiwa ilhali kanuni zinataka ifutwe. Omba kuonyeshwa kifungu chenyewe, usitegemee kauli ya mdomo ya mtu yeyote.

Kinachonikera zaidi ni vikokotoo vya mtandaoni na wale wanaojiita washauri wa matokeo, ambao hupokea pesa za wanafunzi bila hata kuuliza chuo kinatumia utaratibu gani. Vyuo vingi vya Uingereza havihesabu mwaka wa kwanza katika daraja la shahada, na mara nyingi huupa mwaka wa mwisho uzito mkubwa zaidi. Kwingineko, hasa Marekani, baadhi ya vyuo hutoa heshima kwa nafasi ya mwanafunzi miongoni mwa wenzake, hivyo kiwango hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka na hakuna namba ya kudumu ya kulenga. Kikokotoo kisichojua hayo kinabahatisha tu. Wapo pia wanaogeuza 3.5 kati ya 4 kuwa asilimia 87.5 kwa kugawanya tu, ilhali pointi hazikutokana na asilimia kwa njia hiyo: alama 70 humpa mwanafunzi wa Uingereza daraja la kwanza, na alama hiyo hiyo Marekani kwa kawaida huangukia kwenye C.

Wabaya kupita wote ni wanaomwahidi mwanafunzi wa muhula wa mwisho kwamba watampandisha hadi kiwango cha heshima. Chukua mwenye wastani wa 3.0 baada ya krediti 90, aliyebakiwa na krediti 30. Ili afike 3.5 anahitaji wastani wa 5.0 katika krediti hizo, kwenye mfumo ambao A ni pointi 4. Akipata A katika kila somo lililobaki ataishia 3.25, na mshauri aliyempokea pesa alikuwa na nafasi ya kuifanya hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kuandika risiti.