Usingoje dhiki ndipo utafute mwanagenzi

Nilijiunga na chama cha wahandisi kwa ajili ya muhuri tu. Nililipa ada, nikahudhuria mikutano mikuu, nikaona nimetimiza wajibu. Mwaka wa sita nililazwa hospitali wiki mbili, na huku nyuma gavana, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, ya jenereta tuliyoitegemea kazini ikaharibika. Aliyeijua ni mimi peke yangu. Nilielekeza kwa simu nikiwa kitandani, na wenzangu wakakaa gizani siku nne. Uchungu wa siku zile ulinifanya nisome jinsi wahandisi wenzetu walivyojipanga kabla ya dhiki kubwa kuliko yangu.

Walionigusa zaidi ni Chama cha Wahandisi Wanawake cha Uingereza, kilichoundwa London tarehe 23 Juni 1919. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, na wanawake waliokuwa wakikereza vyuma na kuunda silaha viwandani walitakiwa kuwapisha wanaume waliorudi. Sheria ya mwaka huohuo ilisimama upande wa wanaume hao. Chama, Caroline Haslett akiwa katibu wake wa kwanza, kikashika kazi isiyo na shangwe: kuwatafutia wasichana mahali pa kujifunzia ufundi.

Mwanachama mmoja, Margaret Partridge, alikuwa mkandarasi wa umeme huko Devon. Alimchukua msichana aitwaye Beatrice Shilling, aliyezaliwa 1909, akamfundisha kutandaza nyaya majumbani, kisha akamhimiza kwenda kusoma uhandisi chuo kikuu, Manchester. Wakati huo hakuna aliyejua msichana yule angehitajika wapi.

Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za kivita za Uingereza, Spitfire na Hurricane, walikuwa na tatizo la kuogofya. Rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla kumfuata adui, mafuta ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, yalirushwa juu. Injini ya ndege hizo, Merlin, ilikosa mafuta kwa muda mfupi, kisha ikafurikwa nayo na kuzimika. Ndege za Kijerumani za Messerschmitt 109 zilipulizia mafuta moja kwa moja kwenye silinda, hivyo zilipiga mbizi na kutoroka. Shilling, ambaye sasa alikuwa mhandisi kwenye kituo cha utafiti wa ndege Farnborough, alibuni kisahani kidogo cha shaba, mfano wa washa ya bolti, chenye tundu katikati. Tundu lilipimwa lipitishe mafuta yale tu ambayo injini ingeweza kuyatumia ikiwa kwenye nguvu zake zote. Kilifungwa bila kuiondoa ndege kazini. Mapema 1941 yeye na kikundi chake walizunguka viwanja vya ndege wakivifunga. Hakikuwa tiba kamili, lakini injini ziliacha kufurika, na kabureta bora ikaja baadaye.

Mwenzao Verena Holmes, aliyewahi kuwa rais wa chama, wakati wa vita alishughulikia mafunzo ya wanawake wa viwandani. Naye alikuwa mhandisi aliyekomaa miaka mingi kabla ya vita.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako uliye na kadi ya chama: kabla ya kuuliza chama kitakupa nini, omba kikuletee mwanagenzi. Mmoja tu. Usimpe kazi ya kubeba vifaa na kufuta grisi mwaka mzima. Mpe mashine unayoionea wivu, ile usiyopenda mwingine aiguse. Mimi nilianza na gavana ileile. Nilimwacha binti niliyeletewa na chama aifungue mwenyewe, aandike kwa mkono wake kila kipimo, kisha nikamtaka anifundishe mimi. Aliporuka hatua moja sikumkatiza. Aliigundua mwenyewe alipokuwa akifunga bolti za mwisho, akazifungua zote, akaanza upya.

Mwezi uliopita alinipigia simu nikiwa safarini, kuniarifu kwamba gavana ilisumbua asubuhi na kwamba ameshaitengeneza.