Papai bichi hulainisha nyama, halifiki ubongoni: kuhusu kinywaji cha mama anayesahau

Swali la dada wa Jinja kwa kifupi: mama yake ana miaka 71, ameanza kusahau, anameza dawa za presha na sukari. Muuzaji amemshauri anywe kila asubuhi papai bichi na nanasi vilivyosagwa na maziwa, eti vimeng'enya vyake "vinakata uchafu wa ubongoni". Dada anauliza: kama si kweli, mbona papai hilo hilo linalainisha nyama?

Dada, kimeng'enya ni kama mkasi, na nyama inalainika kwa sababu mkasi umegusana na kitu unachokikata. Papai bichi lina papaini, nanasi lina bromelaini. Vyote vinakata minyororo ya protini. Lakini na vyenyewe ni protini. Papaini ni mnyororo wa asidi amino 212, na ukiunywa unakutana tumboni na asidi na pepsini, kimeng'enya cha kusaga protini, unakatwakatwa kama chakula kingine. Kinachovuka utumbo kikiwa kizima ni kidogo mno, na mbele yake kuna ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo, ambao hauachii protini kubwa ipite hivi hivi.

Tena kinywaji chenyewe kitakuwa kichungu. Kaseini, protini ya maziwa, ikikatwa vipande vifupi hutoa uchungu, na kadiri glasi inavyokaa ndivyo inavyozidi. Kama mama anapenda nanasi la Kayunga na maziwa, chemsha vipande vya nanasi dakika 5 hadi 10, vipoe, ndipo usage. Joto linaua bromelaini. Ndiyo maana nanasi la kopo halileti uchungu huo, na jeli inaganda vizuri juu yake lakini haigandi juu ya nanasi bichi.

Kwenye nyama ndipo papai lina haki yake, hasa nyama ya ng'ombe mzee aliyetembea sana. Chukua papai la kijani kabisa, kwa sababu likiiva utomvu unapungua na papaini nayo. Vaa glavu au paka mafuta mikononi, maana utomvu unachoma ngozi. Mwenye mzio wa mpira asiuguse. Kwaruza pamoja na ganda lake, kijiko kimoja kikubwa kwa kilo 1 ya nyama, nyama iwe vipande vya unene wa sentimita 2. Changanya, weka nusu saa, usizidishe saa 1. Papaini haipenyi zaidi ya milimita chache, kwa hiyo pande la kilo 2 zima litakuwa uji nje na gumu ndani. Kosa ninaloliona zaidi ni kulaza nyama na papai usiku kucha: asubuhi inasagika kama ini lililopondwa, na hakuna namna ya kuirudisha.

Kuna jambo watu hawalitazamii: kazi kubwa haifanyiki kwenye bakuli, inafanyika jikoni. Papaini hupata nguvu kadiri joto linavyokaribia nyuzi 65, na hufa likipanda sana. Ukiweka mishikaki kwenye sigiri yenye makaa makali, muda wa kukata ni mfupi. Ukipika kwenye sufuria kwa moto mdogo unaopanda polepole, nyama inakaa muda mrefu kwenye joto ambalo kimeng'enya kinalipenda, basi punguza papai hadi nusu kijiko. Mjamzito asile papai bichi.

Sasa huo "uchafu". Muuzaji amesikia habari ya amiloidi beta, vipande vya asidi amino 40 au 42 vinavyorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer. Lakini vipande hivyo vimetokana na kukatwa! Kimeng'enya cha beta-sekretasi kinakata protini mama upande mmoja, kingine cha gama-sekretasi kinamalizia. Kisha mikasi mingine, kama neprilisini na kile kimeng'enya kinachokata insulini, inavikata tena hadi vinaisha. Kwa hiyo "kukata zaidi" hakuna maana mpaka useme nani anakata nini, na wapi. Dawa ya semagasestati iliyozuia gama-sekretasi ilisimamishwa mwaka 2010: wagonjwa walizidi kudhoofika kuliko wasioipata, na saratani za ngozi ziliongezeka. Mkasi huo una kazi nyingine nyingi mwilini, ikiwemo kukata protini ya Notch, inayoongoza seli zinavyokua.

Ipo mikasi inayofika kwenye neva, nayo ni ya kuogopwa. Sumu ya pepopunda inaingia kwenye kidonda, inapanda ndani ya neva hadi uti wa mgongo, inakata protini moja ya kupitishia ujumbe, na misuli inakakamaa. Sumu ya botulini, ya bakteria wanaoweza kuwemo kwenye asali au chakula cha kopo kilichoharibika, inapita tumboni salama kwa sababu imefunikwa na protini za kuilinda. Papaini haina ulinzi huo. Kwa hiyo asali usimpe mtoto chini ya mwaka 1, kopo lililovimba litupwe, na chanjo ya pepopunda isirukwe. Sumu ikishashika neva, dawa ya kuipinga haiwezi kuitoa.

Nirudi kwa mama. Presha yake ina uzito kwa ubongo kuliko tunda lolote, na huenda tayari anameza dawa inayozuia mkasi. Kaptoprili na enalaprili huzuia kimeng'enya kinachotengeneza anjiotensini ya pili, homoni inayobana mishipa. Mkasi huo huo hukata bradikinini, kipande kifupi cha protini mwilini. Ukizuiwa, bradikinini inajaa na wengine wanapata kikohozi kikavu kisichoisha. Tatizo ni pale mgonjwa anapoacha vidonge kimyakimya kwa sababu ya kikohozi, presha inapanda, kiharusi kinafuata. Asiache, aombe kubadilishiwa, mara nyingi hupewa losatani, dawa ya presha isiyozuia mkasi huo. Midomo au ulimi vikivimba, asimeze kidonge kingine, aende hospitali saa hiyo hiyo. Uvimbe huu huwapata watu weusi zaidi.

Kituoni mpeleke na pakiti zote za dawa. Omba apimwe presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuleta usahaulifu na kinatibika au kudhibitika. Kama dawa yake ya sukari ni metfomini na ameitumia miaka mingi, taja B12 wewe mwenyewe, maana metfomini huipunguza na kipimo hicho mara nyingi husahauliwa. Uliza pia kama sukari yake hushuka usiku.