Rufaa ya VA ukiwa Mbeya: mwenzako aandike nini, daktari aandike nini?

SWALI: Nilitumikia jeshi la nchi kavu la Marekani, kikosi cha mizinga, kisha nikarudi nyumbani. Sasa naishi Uyole, Mbeya. Niliomba fidia ya ulemavu kwa masikio (sisikii vizuri, na kuna mlio usiokoma) na kwa goti la kulia. VA (idara ya maveterani ya Marekani) wamekataa vyote. Barua yao, ambayo sasa ina miezi minne, inakubali kwamba maradhi ninayo, kwamba nilikaa karibu na mizinga na kwamba goti niliwahi kuliumiza jeshini. Ila inasema hakuna kinachoonyesha kuwa hali yangu ya leo imetokana na hayo. Mwenzangu wa kikosi kimoja yuko Mafinga, amejitolea kuandika kwamba mizinga ndiyo iliyoniharibu masikio. Wengine wananishauri niende moja kwa moja kwa jaji. Nifanyeje? Na barua ya daktari wa hapa itakubalika huko?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuisoma barua hadi mwisho, maana wengi wakishaona wamekataliwa huifungia kabatini, na humo ndimo dawa ilimo.

VA hutafuta mambo matatu: ugonjwa ulio nao leo, tukio la jeshini, na kiungo kati ya hayo mawili. Wewe mawili ya kwanza umeshakubaliwa. Yale yaliyoorodheshwa kwenye barua kuwa yamekubaliwa kwa faida yako yanawafunga hata maafisa watakaolishika faili baadaye, hawawezi kuyageuza isipokuwa kwa kosa lililo wazi kabisa. Basi usihangaike tena kuthibitisha kwamba mizinga ilipigwa. Unachodaiwa ni kiungo tu.

Ndiyo maana barua ya mwenzako wa Mafinga, kama ulivyoieleza, inanitia wasiwasi. Kusema mizinga ndiyo iliyokuharibu masikio ni kauli ya daktari, naye si daktari. Afisa ataisoma, ataona ni rafiki anamtetea rafiki, ataiweka kando. Lakini huyo huyo ana kitu ambacho daktari hana: alikuwepo. Aandike alichokiona na kukisikia mwenyewe. Kwamba baada ya mazoezi ya kufyatua ulikuwa ukiomba amri zirudiwe. Kwamba usiku bwenini ulilalamika masikio yanalia. Kama tangu mtoke jeshini mmekuwa mkipigiana simu naye hulazimika kurudia maneno, hilo nalo aliandike, tena kwa uzito, kwa sababu linaonyesha tatizo halikukatika tangu siku zile. Ataje mwaka, kambi, na jinsi mnavyofahamiana. Fomu ni namba 21-10210. Asikuonyeshe kwanza ili mlinganishe. Barua mbili zinazofanana neno kwa neno hudhuru kuliko kukosa barua. Upendo wa kikosi una tabia ya kutia chumvi, na chumvi hapa huharibu mboga.

Wewe pia andika maelezo yako. Mlio wa masikioni ni ugonjwa anaousikia mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo neno lako juu ya lini ulianza na kama uliwahi kukoma lina uzito halali.

Daktari wa hapa anafaa. Hakuna sharti la kwamba awe Mmarekani. Mtafute bingwa wa masikio, pua na koo, na bahati nzuri madaktari wetu huandika kwa Kiingereza, kwa hiyo tafsiri haitakusumbua. Usiende mikono mitupu: mpelekee rekodi zako za matibabu za jeshini, hasa kipimo cha masikio ulipoingia na ulipotoka, na barua yake iseme kwamba amezisoma. Akiandika tu kwamba "inawezekana" ugonjwa umetokana na mizinga, hajakusaidia. Kiwango cha VA ni uwezekano ulio angalau sawa kwa sawa, yaani nusu au zaidi. Hawadai uhakika, na ushahidi ukilingana pande zote, shaka humfaidi askari. Baada ya kiwango, atoe sababu. Ikiwa kipimo cha kutoka kilikuwa kizuri, asilikwepe hilo. Aeleze kitabibu kwa nini bado anaona kelele ndiyo chanzo. Hapo ndipo kesi nyingi za masikio huangukia.

Goti lipate barua yake, ikibidi kwa daktari wa mifupa. Usiyachanganye.

Njia sasa. Kwa kuwa utakuwa na ushahidi mpya, mimi ningeleta dai la nyongeza (dai lile lile kupelekwa upya na ushahidi mpya), fomu 20-0995. Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, hayapokei ushahidi mpya kabisa. Yanafaa pale walipokosea kwa yale yale waliyokuwa nayo mezani. Bodi ya Rufaa, fomu 10182, ndiko kwenye jaji, na ipo njia mojawapo ya Bodi inayoruhusu ushahidi ndani ya siku 90, lakini foleni ni ndefu. Iache iwe akiba. Ukileta dai la nyongeza ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, tarehe yako ya kwanza ya kudai inabaki, na malipo ya nyuma pamoja nayo. Una miezi minane. Wakikataa tena, mwaka mwingine unafunguka, na Bodi itakuwepo.

Mwenzako anaweza kukuandikia ushahidi na kukaa nawe usiku kucha mkipanga karatasi. Kazi ya kuandaa na kuwasilisha madai ya watu ni ya waliothibitishwa na VA. Vyama vya maveterani hufanya bure. Wakala au wakili hutoza tu baada ya uamuzi wa kwanza. Asilimia 20 ya malipo ya nyuma huhesabiwa kuwa halali, ikipita theluthi moja huhesabiwa kuwa imezidi. Anayetaka sehemu ya hela yako ya kila mwezi, mkimbie.

Wakikuita kwenye vipimo, nenda. Na kama huwezi kusafiri siku hiyo, waarifu mapema, kwani kutotokea huliangusha dai. Kipimo cha kusikia kina sehemu ya kurudia maneno ya Kiingereza. Kama lugha au lafudhi inakukwaza, mwambie mpimaji palepale. Sheria inamruhusu kuthibitisha kwamba sehemu hiyo haikufai kwa sababu ya lugha, na kiwango chako cha ulemavu kikakokotolewa kwa sauti tupu (milio isiyo maneno) peke yake. Asipoambiwa, atadhani ni masikio.