Re: Video za mtandaoni zinatosha kufundisha uchunguzi wa awali?

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono) wanaweza kujifunza kupitia video namna ya kumchuja mgonjwa kabla ya tiba. Kuhoji na kutazama, ndiyo.

Anza na maumivu ya mgongo. Rekodi mahojiano mafupi, yakatishe kabla ya uamuzi, kisha kila mmoja aandike kwenye kundi la WhatsApp: nimtibu, au nimpeleke kwa daktari leo? Na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo somo lenyewe. Mgonjwa mwenye ganzi matakoni na sehemu za siri, mkojo hautoki, miguu yote miwili inalegea, huyo ni dharura: neva za mwisho wa uti wa mgongo huenda zimebanwa, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu. Anayekonda, mwenye homa na jasho la usiku, wanafunzi wafikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huku kwetu bado kipo.

Lakini kupima refleksi (mwitiko wa misuli usio wa hiari) na nguvu za misuli wafanyiane darasani, wewe ukiwasahihisha mikono. Tafadhali, mgonjwa halisi asirekodiwe bila idhini yake ya maandishi. Wanafunzi wanaigiza vizuri tu. Na faili ziwe ndogo, bando ni ghali.