Simu ngeni Luthuli: leta vioo kabla ya matangazo

Ndugu uliyeuliza utawauziaje watu wa Nairobi simu ya kampuni wasiyoijua, ilhali midomoni mwao ni Tecno, Infinix na Samsung tu: weka kando matangazo, anza na kioo cha akiba.

Wengi hudhani mteja ameng'ang'ania jina. Tecno, Infinix na itel zote ni za Transsion ya Shenzhen, China, lakini huku zinahesabiwa za nyumbani sawa na Neon, simu ya Safaricom inayounganishwa Athi River tangu 2023. Kilichozipa uenyeji ni kwamba zikipasuka saa nane mchana, saa tisa fundi wa Luthuli, barabara ya maduka ya simu jijini Nairobi, ameshakurudishia.

Simama kwenye kaunta yoyote umtazame mnunuzi. Ataigeuza simu, abonyeze *#06# aone namba ya IMEI, apitishe kucha ukingoni mwa kioo, kisha aulize: "Hii ikipasuka, kioo ni pesa ngapi?" Muuzaji akisita hapo, mteja ameenda.

Kwa hiyo, kwa kila simu 100 agiza vioo 10, bodi ndogo za chaji 6, betri 5, kava 200 na protekta 300, na vifike kwenye mzigo uleule. Vioo vije na fremu zake. Fundi asilazimike kupasha simu moto na kubandua gundi, kwani hapo ndipo utepe wa kihisi cha alama za vidole hukatika na lawama hurudi kwako. Waachie mafundi watatu au wanne kioo kimoja kimoja, walipe wakishauza. Bei ya kioo ibandikwe dukani. Ikizidi robo ya bei ya simu, mteja huona heri aongeze pesa anunue nyingine, na hiyo nyingine haitakuwa yako.

Kabla hujalipia mzigo, leta sampuli mbili, moja uitie laini ya Safaricom na nyingine ya Airtel. Hakikisha zina bendi (masafa ya mtandao) ya 20 (800 MHz) na ya 3 (1800 MHz). Simu nyingi zilizotengenezewa soko la China hazina bendi ya 20: barabarani zinashika 4G vizuri, ukiingia ndani ya jengo zinashuka. Mteja atalaumu simu, na ana haki. Google Play iwemo tangu kiwandani, maana programu ya benki ikikataa kufunguka hakuna sifa ya kamera itakayokuokoa. Kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano kiwe cha modeli hiyohiyo unayoleta, si cha inayofanana nayo. Ukipiga hesabu ya gharama, kumbuka VAT ya 16% hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru mwingine, si juu ya bei uliyonunulia pekee.

Kamera nayo, mpige mtu mweusi picha jioni ndani ya matatu. Transsion waliwashika wateja wa Afrika kwa kurekebisha kamera ifuate rangi ya ngozi zetu. Uso ukitoka wa kijivu kama umepakwa majivu, kiwanda kirekebishe kwanza ndipo umalizie malipo.

Jambo dogo linaloua mauzo: chaja ya pini mbili. Ukifungua boksi kuweka ya pini tatu, muhuri umekatika, na mteja atasema ni ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza. Chaja sahihi ipakiwe kulekule kiwandani.

Halafu kuna muuzaji wa kaunta, ambaye ndiye tangazo lako hasa. Mpe kamisheni ya shilingi 200 hadi 300 kwa kila simu, kwa M-Pesa, siku hiyohiyo. Ukimwekea hadi mwisho wa mwezi, atamgeuza mteja wako kuelekea kampuni inayomlipa leo. Mkataze kabisa kuidharau simu aliyokuja nayo mteja. Simu iliyomtumikia miaka minne ameichagua yeye, ukiitukana umemtukana. Na usishushe bei ghafla bila kuwafidia wenye maduka ile tofauti ya bei kwa mzigo walionao, la sivyo hawatachukua modeli yako ya pili.

Mwisho, kuna “lipa polepole”, yaani simu ya mkopo inayolipwa kidogo kidogo. Wanunuzi wengi wa bei ya chini hulipa kila siku, na kampuni za mkopo hukubali tu modeli ambayo programu yao ya kuifunga simu inafanya kazi hata mtu akiirudisha katika hali ya kiwandani. Wapelekee sampuli waijaribu mapema, kiwanda kikiwa bado kinaweza kubadilisha kitu.