Dawa ya maua inatuwasha macho

SWALI: Mhariri, mi nakata waridi shamba moja hapa Naivasha. Wakishapulizia dawa tunarudishwa grinihausi hata haijakauka, macho yanawasha, glavu ukiomba unaambiwa jinunulie. Nikijiunga na chama cha wafanyakazi si watanifuta?

JIBU: Pole sana dadangu. Kujiunga na chama ni haki yako, kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, na kukufuta kwa sababu hiyo ni kuvunja sheria. Glavu ni jukumu la mwajiri, sheria ya usalama kazini ya 2007 iko wazi. Lakini usiende ofisini peke yako, ongea na wenzako kwanza mmtafute afisa wa KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, na kila wakipulizia andikeni tarehe, saa na jina la dawa lililo kwenye mtungi, maana meneja atakana.