Programu huria na siasa: angalia leseni, kisha angalia anwani

SWALI: Tunaunda mfumo wa zahanati kwa programu huria. Mwenzangu anashikilia kwamba jamii hizi hazina siasa. Mbona basi Warusi waliondolewa kwenye Linux?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi upande wa leseni tu. Ufafanuzi rasmi wa programu huria, kifungu cha 5 na cha 6, unakataza kubagua watu, makundi au aina ya kazi. Jamii, hata hivyo, ni watu, nao wana nchi na sheria zake.

Oktoba 2024 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa Linux, alifuta majina kama 11, mengi yenye barua pepe za .ru, kwenye faili la MAINTAINERS, linaloorodhesha wanaokagua marekebisho ya kila sehemu ya kiini cha Linux. Maelezo yalikuwa mafupi mno: matakwa ya kisheria, na wangeweza kurudi wakileta nyaraka za kutosha. Baadaye ndipo ikafafanuliwa kwamba ni vikwazo vya Marekani, ambako Linux Foundation, shirika linalofadhili kazi ya Linux, ina makao. Msimbo wao ulibaki, na haki ya kuunakili wanayo. Walichopoteza ni mamlaka. Sheria ilibidi itiiwe, lakini kutoitaja tangu mwanzo lilikuwa kosa. Mtu aliyejitolea anastahili kujua ameondolewa kwa lipi.

Kwenu ninyi hatari iko karibu zaidi. Machi 2022 msimamizi wa node-ipc, maktaba ya msimbo wa JavaScript inayotumiwa ndani ya programu nyingine, akipinga vita vya Ukraine, aliingiza msimbo uliopima anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta mtandaoni. Ikionekana ya Urusi au Belarus, mafaili yalifutwa na kujazwa alama ya moyo. Alama ya ^ mbele ya namba ya toleo kwenye package.json, faili linaloorodhesha maktaba mnazotumia, huruhusu matoleo mapya ya namna hiyo kuingia yenyewe. Iondoeni, hifadhini package-lock.json, faili linalofunga matoleo kamili, ndani ya repo (hazina ya msimbo wenu), na kwenye seva, mnaposakinisha maktaba kwa chombo cha npm, tumieni npm ci badala ya npm install: hiyo hufuata matoleo yaliyofungwa, na yasipolingana na package.json husimama.

Tena, Julai 2019 GitHub, tovuti ya kuhifadhi repo, ilifunga repo binafsi za watumiaji wa Iran kwa sababu ya vikwazo, na huduma kamili ilirudi Januari 2021. Basi wekeni nakala kwenu kwa git clone --mirror, kisha git remote update kila usiku. Nakala hiyo haibebi ripoti za hitilafu wala mijadala yake. Hizo zipakueni kando.